Bisibisi ya Baba wa Kambo

Saluni ile haikuwa na runinga, feni yake haikuanza kuzunguka mpaka isukumwe kwa kidole, na kati ya viti vyake vitatu kimoja kilikuwa kinayumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Hata hivyo wanawake walikuwa wakizipita saluni mbili zenye milango ya vioo ili waje kukaa pale, na sababu ilikuwa moja tu: pale ulikuwa unasukwa huku unasomewa.

Msusi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vyepesi. Msomaji alikuwa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa sekondari, mwenye sauti iliyonyooka isiyokwama hata kwenye maneno marefu. Wateja walimbandika jina la Redio, na mama yake, apende asipende, akawa Mama Redio. Tuseme ukweli, kusukwa nywele ndogondogo ni adhabu. Unakaa tangu asubuhi mpaka makalio yanakufa ganzi, na umbea, hata uwe mtamu namna gani, una mahali unapokauka. Ukishakauka, ndipo Redio anapokalia ndoo yake iliyofudikizwa na kufungua kitabu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa riwaya za vijana, za kuazima maktaba ya shule. Vyembamba, vya maneno mepesi, na ndani yake hakosi mtoto anayeonewa. Wanawake wenye wajukuu walikuwa wakimlilia mtoto wa karatasi mpaka wanaomba kitambaa, kisha wanarudi nyumbani kuwafokea wa kwao.

Na Redio alijua kukata. Darasani jambo hilo linaitwa taharuki. Pale saluni liliitwa roho mbaya. Akifika mahali mlango unagongwa na waliomo ndani hawamtarajii mtu, anafunga kitabu, anakwenda kuchota maji.

"Wewe, rudi hapa," Nesi alikuwa akisema. Nesi alifanya kazi wodi ya wazazi, alijua nani kajifungua na nani hakuja kumwona. "Nani aliyegonga?"

"Kesho, shangazi."

"Kesho niko zamu."

"Basi keshokutwa."

"Mama Redio, huyu ulimzaa au ulimkodi?"

"Nilimzaa," mama alijibu bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anakigawa kwa chanuo. "Tabia kaja nayo mwenyewe."

Keshokutwa Nesi anarudi, hata kama nywele zake hazina haja ya kuguswa, anajifanya anataka kukaza zile za kisogoni. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na ndivyo mama na mwana walivyokula.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Fundi. Alitengeneza redio, pasi, feni, simu zilizotumbukia majini, na draya ya pale saluni, ambayo kwa maneno ya Mama Pacha iliugua kuliko draya yoyote iliyowahi kuzaliwa.

"Hii haina ugonjwa," Mama Pacha alisema siku moja. Huyu aliuza nguo za mitumba, na mdomo wake haukuwa na kufuli. "Hii ina mapenzi."

"Mwache mwenzio," Nesi akasema. "Kutwa anashika vichwa vya watu, na yeye wa kumshika kichwa hana."

Mama Redio alivuta nywele za Mama Pacha kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na hilo lilikuwa jibu. Mume wake, baba yake Redio, alikwenda mbali kutafuta kazi. Kazi akaipata, mke mwingine akampata, akabaki hukohuko. Fundi naye alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Bisibisi yake ilikaa mfukoni mwa shati, upande wa kushoto, kama wengine wanavyoweka kalamu. Hakuwa anampa mtu mkono mpaka kwanza aufute kwa kitambaa, kiganja, halafu mgongo wake, taratibu, huku anayesalimiwa ananing'iniza wake hewani. Redio alimwita "binti." Draya ikishapona alikuwa habanduki, anabaki pale sakafuni kusikiliza, na siku moja katikati ya sura ya huzuni kweli aliuliza, "Lakini huyu mtoto, tangu tuanze, ameshakula?" Wanawake walicheka mpaka kile kiti kinachoyumba kikataka kuanguka. Fundi hakuona cha kucheka. Alikuwa anataka kujua.

*

Mwalimu wa fasihi alikuwa mama mrefu aliyefundisha akiwa ameegemea dirisha, kana kwamba muda wowote angepitia hapo na kwenda zake. Muhula ule aliwapa kazi. Kila mmoja achague kipengele kimoja, wahusika, mandhari, msuko, usimulizi, chochote, akifuatilie katika riwaya za vijana alizosoma.

"Sitaki muhtasari," alisema. "Muhtasari naujua, ndiyo maana nalipwa. Nataka ulichokiona wewe."

Redio hakuhitaji kufikiri. Kama kuna mtu aliyemfahamu ndani nje katika vitabu vile, ni baba wa kambo. Akaandika kwamba baba wa kambo wa riwaya za vijana hana utoto, hana mama, haoti ndoto, haumwi jino. Ni mhusika bapa: ukimgeuza huku karatasi, ukimgeuza kule karatasi. Tena akaandika kwamba waandishi wana desturi moja. Hawamwingizi na fimbo mkononi. Humwingiza na zawadi. Sura ya pili anacheka, anamletea mtoto kitu, majirani wanamsifu. Kufikia katikati ya kitabu ameshaota pembe. Kwa hiyo, aliandika, na akapigia mstari, msomaji mwerevu haogopi anapoiona fimbo. Huogopa anapoiona zawadi.

Aliyaandika hayo chini ya taa ya mezani ambayo Fundi alimletea wiki iliyopita. Aliitengeneza mwenyewe kwa kopo la rangi na waya laini unaokunjika, ili mwanga umwangukie kwenye karatasi usimwingie machoni. "Binti, macho yako ndiyo mtaji wa saluni ile," alimwambia. Redio alisema asante. Kimoyomoyo akasema, sura ya pili hiyo.

Akaanza kumsoma. Fundi akimbebea mama gunia la mkaa, Redio anaona dokezo. Fundi akinyamaza, anaona kinachofichwa. Akicheka, anaona meno. Masikini yule mtu hakuwa na njia: kadiri alivyokuwa mwema ndivyo alivyozidi kufanana na wale wa vitabuni kabla hawajageuka. Laiti angekuwa na kasoro moja ya wazi, ulevi mdogo, uchoyo, pengine yule mtoto angempumzisha.

Wala tusiseme ni vitabu peke yake. Chini ya vitabu kulikuwa na kitanda. Chumba cha nyuma ya saluni kilikuwa na kitanda kimoja, mama upande wa ukutani, mwana upande wa mlangoni, na humo mama yule wa maneno machache alikuwa anafunguka. Alimwigiza Nesi anavyotembea, alisimulia vichwa vya watu vilivyo na makovu na makovu yalivyopatikana, wakacheka huku wamejiziba midomo kwa shuka. Mwanaume akiingia, kitanda hicho hakina nafasi ya watatu. Hilo Redio hakuliandika kwenye kazi yake, kwa kuwa darasani halikuwa na jina.

*

Siku moja walikuwa wanaosha chanuo na taulo za saluni, mama kwenye karai, mwana kwenye kamba.

"Fundi anataka kuleta watu wake," mama alisema. "Kuleta posa. Jumapili ya mwisho wa mwezi."

Redio aliendelea kuanika.

"Nimemwambia asubiri. Kuna mtu humu ndani lazima nimuulize kwanza."

"Nani?"

"Paka."

Wakacheka, kwa kuwa paka hawakuwa naye. Kisha mama akakausha mikono. "Wewe, mwanangu. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na sitakuuliza sababu."

"Sawa, mama."

"Sawa ya ndiyo, au sawa ya nimesikia?"

"Sawa ya ndiyo."

Mama alimtazama kitambo, akarudi kwenye karai lake. Mchana ule alisuka huku anaimba chinichini, na Mama Pacha akamwambia sauti yake ni mbaya lakini sababu yake ni nzuri.

Kwa nini Redio hakusema hapana? Alikuwa na ulimi, na aliruhusiwa. Ukweli ni kwamba hakutaka hapana itoke kwake. Mtoto anayekataa, vitabuni, hukaripiwa kwanza na kuombwa radhi mwishoni, na njia hiyo aliiona ndefu. Alitaka mama aone mwenyewe. Alitaka hapana hiyo imkute mama kama mafua, hakuna anayejua yametoka kwa nani.

Jumamosi saluni ilifurika. Nesi alikuwa kwenye kiti chini ya mikono ya mama, Mama Pacha akisubiri zamu yake na nywele zake zimesimama kama zimepata habari mbaya, na wengine wawili ukutani. Fundi alikuwa sakafuni, draya imefunguliwa matumbo juu ya gazeti. Riwaya ya wiki ile ilikuwa ya mvulana mmoja ambaye mama yake ameolewa na dereva wa lori. Walikuwa sura ya saba, na sura ya saba, kusema kweli, ilikuwa imepoa: dereva anarudi safari, anakula, analala, mvulana anamwangalia anavyokoroma.

Redio aliinua macho kugeuza ukurasa. Akamwona mama yake anamtazama Fundi pale sakafuni, na anatabasamu namna ambayo Redio aliijua ya chumba cha nyuma tu.

"'Asubuhi mama alipokwenda sokoni,'" Redio alisoma, na hapo kitabu kikaishia, yeye akaendelea, "'baba wa kambo aliufunga mlango kwa komeo. Alitoa kitambaa, akafuta mikono, kiganja kwanza, halafu mgongo wake. Alifanya taratibu, kwa sababu hakuwa na haraka. Bisibisi yake ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa kushoto. Njoo hapa, binti, alisema kwa upole. Alikuwa mpole siku zote, na mama aliupenda upole huo. Kisha akachukua waya, akaukunja mara mbili.'"

Sauti yake haikuwahi kuwa nzuri kama siku ile. Ilishuka pale pa kushuka. Alieleza mlio wa waya hewani, akaeleza mtoto alivyouma shuka ili majirani wasisikie, akaeleza mama aliporudi na mboga akamkuta baba wa kambo anamkunia mtoto mgongo, anamwambia, kaanguka huyu, nampa pole. Nesi, ambaye kila nywele ikivutwa lazima aseme taratibu, alikuwa kimya. Mikono ya mama iliendelea kusuka, kisha ikaenda polepole, kisha ikasimama na nywele tatu mkononi.

Redio akafunga kitabu.

Hakuna aliyeuliza kinachofuata. Mama Pacha alitazama mfuko wa shati la Fundi. Wale wawili wa ukutani nao wakatazama. Fundi alikuwa amekwisha kuifunga draya. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa, kwa mazoea, ukakigusa, ukakiacha. Alitoa bisibisi mfukoni akailaza ndani ya sanduku la vifaa, akasimama na mafuta yake mikononi.

"Draya iko tayari," alimwambia mama. "Ijaribu."

Mama aliiwasha. Ilinguruma vizuri, na katika mngurumo huo Fundi akasema kwaherini kina mama, akatoka.

*

Sasa hapo usiseme watu walimsingizia Fundi. Hakuna aliyemsingizia. Nesi alisema tu kwamba yeye hajui. Mama Pacha alisema tu kwamba yeye hasemi. Wale wawili walikuwa na dada zao, na dada zao walikuwa na masikio. Lisemwalo lipo, watu walikumbushana kwenye foleni ya maji, na kama halipo laja. Watoto waliokuwa wanakaa kwenye ngazi ya kibanda kusikiliza mpira waliitwa nyumbani mmoja mmoja. Mwenye pasi yake alikuja kuichukua kabla haijatengenezwa, akasema ameamua kunyoosha nguo kwa kuzilalia.

Alhamisi Fundi alivuka barabara. Hakuingia. Alimwita mama nje, wakasimama kando ya mfereji, na Redio akawaona kupitia dirishani, sauti zao hazimfikii. Fundi aliongea kidogo. Kisha akangoja. Mama alitazama barabara, akatazama viatu vyake, akatazama barabara tena. Fundi alingoja muda ambao mtu mwingine angekwishaondoka. Halafu akatikisa kichwa kama anayeambiwa bei, akavuka kurudi.

Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wake hawakuja. Muda si mrefu kibanda kilikuwa na kijana anayeuza vifuniko vya simu. Mama Redio hakusema neno. Hakulia, hakununa, aliamka, alisuka, alilala uso ukutani. Redio aliuchukulia ukimya ule kuwa ni imani: mama alisikia, mama aliogopa, mama aliona mwenyewe. Ndivyo alivyotaka. Aliusubiri moyo wake ufurahi, ukachelewa.

Kazi ya fasihi ilirudishwa wiki hiyohiyo. Mwalimu hakuiweka mezani kama nyingine. Aliisimamisha mkononi.

"Hapa kuna jicho," alisema, akasoma ile sehemu ya fimbo na zawadi, na darasa likamgeukia Redio kwa wivu. "Ila nina swali, na sitakunyang'anya alama kwa ajili yake. Katika riwaya zote hizi ulizotaja, nani anasimulia?"

"Mtoto, mwalimu."

"Zote?"

Redio alizipitia kichwani. "Zote."

"Na tunamwamini kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye anayeumia."

"Nani kakuambia kwamba ndiye anayeumia?"

"Yeye," Redio akasema, na darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Baba wa kambo hajapewa ukurasa hata mmoja," alisema. "Tunamwita bapa, na sisi ndio tuliomkalia juu. Angepewa nafasi angesema nini? Sijui. Ungelijibu hilo, kazi hii ningeipeleka mbali."

Kijana mmoja wa nyuma alisema angejitetea, mwingine akasema angeomba maji ya kunywa, na kipindi kikaisha kwa kelele. Redio alibaki na karatasi yake yenye alama ya juu kuliko zote. Jambo lililomjia, na lililokataa kutoka, lilikuwa swali la mtu aliyekaa sakafuni na matumbo ya draya: huyu mtoto ameshakula?

*

Jumamosi iliyofuata mama alitoka kwenda kununua nywele za bandia dukani, akawaacha Nesi akikaushwa na Mama Pacha akingoja zamu. Redio alikuwa na kitabu magotini lakini hakukifungua.

"Shangazi," alimwambia Nesi. "Ile sura ya saba. Yale ya waya hayakuwamo kitabuni."

Alitegemea mshtuko. Nesi aliinua draya kidogo kichwani ili asikie vizuri, akacheka.

"Mwanangu, punde tu alikuwa dereva wa lori. Mara ana bisibisi. Mvulana mara akawa binti. Unadhani sisi tumezaliwa jana?"

"Mlijua?"

"Kila mtu alijua," Mama Pacha alisema. "Hata yule mwenye kusinzia pale ukutani alijua."

"Sasa mbona mliamini?"

"Ndiyo sababu tuliamini," Nesi akasema, kama anayemweleza mzazi wa mara ya kwanza. "Ya kitabuni ni ya kitabuni, tunalia tunakwenda kupika. Ile ilitoka kwako. Tukasema, mtoto ana jambo, kashindwa kumwambia mama yake, kalipitisha kitabuni. Nilipata usingizi wa taabu siku ile."

"Na mimi," Mama Pacha akasema. "Nikasema bora angepigwa mwanangu."

"Hakunipiga," Redio alisema.

Draya ilinguruma. Mama Pacha alifikiri hakusikia. "Nini?"

"Fundi. Hakuwahi kunigusa. Nilitunga."

Nesi alirudisha draya kichwani. Akaitoa tena. Hakuwa anacheka. "Yote?"

"Yote."

Wanawake wale wawili walitazamana, na huo ulikuwa utazamaji wa watu waliobeba mzigo mpaka mwisho wa njia wakaambiwa si wa hapa.

"Basi hayo usiyaseme tena," Mama Pacha alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo Redio hakujua kama anayo. "Kwa yeyote. Utatuweka pabaya. Sisi tumeshaongea na watu."

*

Mama alirudi, akamaliza vichwa vyake, akawasindikiza wateja mpaka mlangoni. Jua lilikuwa bado lipo. Alianza kufagia nywele zilizodondoka, na Redio akasimama mbele ya ufagio.

"Mama, Fundi hakuwahi kunipiga."

"Najua. Sogea."

Redio hakusogea. "Umejua lini?"

"Ulipokuwa unasoma. Nalala na wewe kitanda kimoja, nakusugua mgongo Jumapili kwa Jumapili. Mgongo wako naujua kuliko wangu." Alizungusha ufagio kupitia kando yake. "Na waya wote wa nyumba hii uko kwenye ile taa yako."

"Mbona hukusema?"

Mama aliegemeza ufagio ukutani. Hakukaa.

"Alikuja Alhamisi ile. Unadhani aliniomba ndoa? Aliniomba sentensi moja. Alisema, Jumamosi wakiwa wamejaa, simama uwaambie mtoto alitunga. Basi. Ukishanisafisha, kunikataa nikatae. Kwa sababu, alisema, mimi natengeneza vitu vya nyumbani mwa watu, na sasa watu wananifungulia mlango nusu." Aligeukia mlangoni. "Nikaangalia barabara."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe mwenyewe unawajua. Mtaa huu ukishamwita mtoto wa kike mwongo, haumwachii. Ungeibiwa, ungeambiwa unatunga. Ungepigwa kweli siku moja, ungeambiwa fungua kitabu utusomee. Yeye vifaa vyake vinaingia kwenye sanduku moja, anaweza kuhama. Wewe ningekuhamishia wapi?"

"Nimewaambia," Redio alisema. "Leo, Nesi na Mama Pacha. Nimewaambia nilitunga."

Mama alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulifanya jambo, na Redio akakisubiri kile kinachokuja vitabuni mahali kama hapa, mikono inapofunguka na mtoto anaingia.

"Wakasemaje?"

"Wakasema nisiseme tena."

Mama akatikisa kichwa polepole. Uso ukarudi ulivyokuwa. "Kwa hiyo umejitoa bure, na yeye hajapata kitu."

"Nimfuate. Nitaulizia alikohamia, nimwambie."

"Umwambie nini ambacho hakijui? Yeye ndiye mtu pekee aliyeijua kweli bila kuhitaji kusomewa. Mimi ndiye niliyenyamaza mbele yake, mtu mzima na akili zangu. Wewe ulisema uongo, mimi nikaupa mahali pa kulala. Sasa nani aende? Mimi sina uso huo."

Redio alisema nisamehe. Ilitoka ndogo, kama neno la lugha nyingine.

"Nilikuuliza," mama alisema. "Kwa mdomo wangu huu, tunaanika taulo. Nikakuuliza hata sawa yako ni ya aina gani."

"Kama ningesema hapana, ungekubali kweli?"

"Ningenuna wiki. Ningekuvuta nywele siku ya kukusuka. Halafu ningevuka barabara nikamwambia hapana, na yeye angeondoka na jina lake."

Alichukua ufagio, akalisukuma lile rundo la nywele za watu mpaka kwenye kizoleo, nyeusi, za kahawia, mvi za Nesi alizokuwa anazificha. Akazimwaga kwenye ndoo. Kisha akatoka nje kwenye benchi la wateja ambalo huingizwa ndani jioni ili lisiibwe. Redio alibaki katikati ya saluni, mikono imening'inia, akifikiri labda mama ametoka ili alie, na kwamba yeye anapaswa kungoja, au anapaswa kumfuata, na hakuna kitabu chochote alichowahi kusoma kilichoeleza ni lipi kati ya hayo.

"Njoo ushike upande wa pili," mama aliita kutoka nje. "Ni zito."

Alikwenda akashika. Waliliingiza kwa ubavu, mama akirudi kinyumenyume, mwana akisukuma, likakwama kizingitini kama kawaida yake, wakaliinamisha, likapita. Mama akafunga mlango, akaenda chumba cha nyuma kuwasha jiko, na hakumwambia Redio aje wala abaki.